Kuhamia Nchi Jirani Kikazi kwa Watu wa Teknolojia Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa waandishi wa programu, wachambuzi wa data, wasimamizi wa mifumo na mitandao, na wenzao wote ambao ni raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda na wanataka kuhamia mojawapo ya nchi hizo nyingine. Viwango vya kodi vilivyotajwa ni vya mwaka 2025.

## Mambo ya msingi

Sisi sote ni Afrika Mashariki. Bado nahitaji kibali cha kazi?

Ndiyo. Hili ndilo swali linalowaponza wengi, kwa sababu wamesikia habari za Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki wakadhani mipaka imekwisha. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na kweli inatoa haki ya kwenda nchi mwanachama, kutafuta kazi huko na kuajiriwa. Lakini haki ya kuajiriwa inapitia kwenye kibali. Kanuni za itifaki zinasema mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi, na mwenye mkataba mfupi zaidi aombe pasi maalumu.

Isitoshe, kila nchi iliambatanisha orodha ya kazi ilizokubali kuwafungulia majirani. Orodha hizo hazifanani. Kwa hiyo usichukue uzoefu wa rafiki yako aliyehamia Kigali ukaupeleka Dar es Salaam.

Naweza kuingia kama mgeni, nikafanya usaili nikiwa huko huko?

Usaili, ndiyo. Raia wa jumuiya huingia bila viza, na kanuni zinaruhusu kukaa hadi miezi sita. Ukiulizwa mpakani unakwenda kufanya nini, sema ukweli: kutembelea, kutafuta kazi, kuhudhuria usaili. Vyote ni halali.

Kisichoruhusiwa ni kuanza kazi. "Wiki mbili za majaribio bila malipo" ofisini kwa mwajiri, huku ukigusa mfumo wao halisi, ni kazi hata kama hujalipwa senti. Nchini Kenya, kufanya kazi bila kibali ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwajiri anayekwambia "anza tu, kibali kitakuja" anaweka shingo yako rehani.

Nisafiri na kitambulisho cha taifa au pasipoti?

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Kwa anayehama kikazi, mjadala huu hauna maana kubwa: kibali kinahitaji pasipoti. Hakikisha ina muda wa kutosha mbele yake, maana pasipoti inayokaribia kuisha huleta usumbufu wa kuhamisha kibali kwenda kwenye pasipoti mpya kabla hata hujazoea njia ya kwenda ofisini.

Nchi ipi ni bora kwa mtu wa teknolojia?

Inategemea unachotafuta. Nairobi ina soko kubwa zaidi la ajira za teknolojia katika nchi hizi nne: kampuni za malipo zilizokua pamoja na M-Pesa tangu 2007, ofisi za kampuni za kimataifa, na kampuni changa nyingi. Ushindani nao ni mkali vilevile. Kigali ni soko dogo, ila taratibu zake za serikali mtandaoni ndizo nyepesi zaidi, na kuwepo kwa Carnegie Mellon University Africa tangu 2011 kumefanya watu wenye shahada za uzamili za teknolojia wapatikane kirahisi. Dar es Salaam ina benki, kampuni za simu na miradi ya mifumo ya serikali, lakini ndiko kibali kinadai makaratasi mengi zaidi. Kampala ni mji wa Kiingereza ofisini na wenye jamii ya waandishi wa programu iliyoshikamana.

Jambo dogo linalosahaulika: Rwanda iko nyuma saa moja. Mkutano wa saa tatu asubuhi Nairobi ni saa mbili Kigali, na ratiba ya zamu za usiku hubadilika hivyo hivyo.

## Kibali chenyewe

Nani anaomba kibali, mimi au mwajiri?

Mwajiri. Ukishika jibu hili, mengine yote yatakuwa mepesi. Kibali cha ajira si mali yako kama ilivyo pasipoti. Kinatolewa kwa ajili ya nafasi fulani, kwenye kampuni fulani. Kampuni ndiyo inayoeleza kwa nini inakutaka wewe na si raia wa pale, ndiyo inayoambatanisha nyaraka zake za usajili na kodi, na mara nyingi ndiyo inayofanya mambo yachelewe kwa sababu nyaraka hizo haziko sawa.

Ndiyo maana mazungumzo ya kibali yafanyike kabla ya kusaini mkataba, si baada. Uliza mambo matatu: je, wamewahi kumwombea mgeni kibali? Nani atalipa ada ya kibali na ya wakala? Na itakuwaje kibali kikikataliwa? Kisha majibu yaingie kwenye mkataba. Kifungu cha namna hii kinatosha: "Ajira itaanza siku mfanyakazi atakapopata kibali cha kazi. Gharama zote za kibali na za kukihuisha zitalipwa na mwajiri na hazitakatwa kwenye mshahara." Kampuni yenye nia njema haitagombana na sentensi hizo.

Na usiache kazi uliyonayo kwa sababu umepewa barua ya ajira. Acha kazi kibali kikiwa mkononi.

Naomba kibali cha aina gani?

Kenya: kibali cha kazi cha walioajiriwa. Mwajiri hutakiwa kuonyesha kwamba alitafuta Mkenya akakosa, na kumtaja Mkenya atakayejifunza kazi hiyo kutoka kwako.

Tanzania: vibali viwili, kutoka milango miwili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni. Kibali cha ukaazi, daraja B kwa walioajiriwa, hutolewa na Uhamiaji. Kimoja bila kingine hakikusaidii. Hapa pia mwajiri huwasilisha mpango wa namna Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika nafasi hiyo.

Uganda na Rwanda: shughuli yote iko kwa mamlaka ya uhamiaji, na maombi huanzia mtandaoni.

Mpango huo wa kumwandaa raia una maana nitanyang'anywa kazi?

Kwa nadharia, siku moja, ndiyo. Kwa vitendo, maofisa huutazama hasa wakati wa kuhuisha kibali. Kama miaka miwili iliyopita mliandika kwamba fulani atajifunza kusimamia seva, wataulizia amefikia wapi. Mchukulie huyo mwenzako kwa uzito na mfundishe kweli. Weka kumbukumbu pia: mafunzo gani, tarehe gani, sasa anafanya nini peke yake. Faili hilo linafanya kazi kuliko barua yoyote ya kusihi.

Inachukua muda gani, na ni bei gani?

Kanuni za Soko la Pamoja zinaipa mamlaka siku 30 kutoa kibali, na kibali cha kwanza kinaweza kuwa cha hadi miaka miwili. Usipange maisha yako kwa siku hizo 30. Panga kwa miezi mitatu, ikitoka mapema ushukuru.

Kuhusu ada, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoleana ada ya kibali kwa raia wao. Tanzania hutoza. Hata pale ambapo ada ni sifuri, kuna gharama za pembeni: kuthibitisha vyeti, cheti cha tabia njema kutoka polisi, picha, wakili au wakala.

Sina digrii, ila nina uzoefu wa miaka mingi. Nitapata kibali?

Inawezekana, lakini utabeba mzigo mzito zaidi. Ofisa anayesoma faili lako si mtu wa teknolojia. Orodha ya miradi yako mtandaoni haimwambii kitu. Anachokielewa ni karatasi: cheti cha sekondari, diploma, vyeti vya taaluma kama vya mitandao au huduma za wingu, na barua za waajiri wa zamani zenye tarehe, cheo na mhuri. Barua iandike "alisimamia hifadhidata ya miamala kuanzia Machi 2019 hadi Juni 2023", si "alikuwa mfanyakazi mwenye bidii".

Mwenye digrii naye asijiamini kupita kiasi. Mamlaka huweza kutaka shahada ya nje itambuliwe kwanza na chombo kinachosimamia vyuo vikuu: TCU kwa Tanzania, NCHE kwa Uganda, CUE kwa Kenya. Anza hilo mapema, ukiwa bado nyumbani karibu na chuo chako.

Mkataba unaniita "injinia wa programu". Kuna tatizo?

Linaweza kuwepo. Uinjinia ni taaluma inayosimamiwa na bodi, ERB Tanzania na EBK Kenya, na neno hilo kwenye mkataba huweza kumfanya ofisa aulize namba yako ya usajili. Nchi za jumuiya zina makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Kwa waandishi wa programu hayapo. Njia rahisi ni kumwomba mwajiri aandike cheo kinachosema kazi yenyewe, kwa mfano "msanidi programu" au "mchambuzi wa mifumo", na kitumike hicho hicho kwenye mkataba, fomu na barua. Vyeo vitatu tofauti kwenye faili moja ni sababu nzuri ya kurudishiwa faili.

## Mshahara, kodi na nyumba

Nitalinganishaje mshahara wa kule na wa kwetu?

Usilinganishe mshahara ghafi. Linganisha unaobaki mkononi, ukiondoa na nyumba.

Kwa kodi ya mapato, mtu wa teknolojia mwenye mshahara wa kawaida atagonga asilimia 30 karibu kila mahali, kwa sababu madaraja ya chini ni mafupi. Tanzania kiwango hicho kinaanza juu ya shilingi milioni 1 kwa mwezi, Uganda juu ya 410,000 za kwao, Rwanda juu ya faranga 200,000, na Kenya juu kidogo ya 32,000 za Kenya. Tofauti inakuja huko juu: Kenya ina asilimia 32.5 na 35 kwa mishahara minono, na Uganda huongeza asilimia 10 kwa sehemu inayozidi milioni 10 kwa mwezi.

Halafu kuna makato ambayo watu husahau kuyauliza. Kenya: bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5, zote za mshahara ghafi, pamoja na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) yenye ukomo. Tanzania: NSSF, kwa kawaida asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri, bila ukomo, kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa anaiona kweli kweli. Uganda: 5 yako, 10 ya mwajiri. Mwombe mwajiri akutengenezee mfano wa hati ya malipo ya mwezi mmoja kabla ya kukubali. Ni kazi ya dakika kumi kwa mhasibu wao.

Nitatozwa kodi mara mbili?

Mkataba wa jumuiya wa kuzuia kodi mara mbili ulisainiwa mwaka 2010, lakini haujaanza kutumika kwa sababu si nchi zote zilizouridhia. Kinachokulinda, basi, ni kuhama kikamilifu: kazi, makazi na mshahara viwe nchi moja. Nchi zote nne hutumia kipimo cha siku 183 kumfanya mtu mkaazi wa kodi, na Kenya, Tanzania na Uganda zina kipimo cha pili: wastani wa siku 122 kwa mwaka ukichanganya na miaka miwili iliyotangulia. Anayeyumbayumba kati ya Nairobi na Kampala anaweza kujikuta mkaazi wa kodi wa kote kuwili. Tunza tarehe za mihuri yako.

Nikifika nianze na nini: benki, namba ya kodi, au nini?

Fuata mnyororo. Kenya ni kibali, kisha kitambulisho cha mgeni, ambacho ni lazima kwa anayekaa zaidi ya siku 90, kisha PIN ya KRA (namba ya kodi), kisha akaunti ya benki na mshahara. Kiungo kimoja kikikwama, vya nyuma yake vyote vinasubiri, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Tanzania baada ya vibali viwili ni TIN (namba ya kodi ya huko) na NSSF. Njoo na akiba ya kuishi miezi miwili au mitatu.

Kupanga nyumba kukoje?

Nairobi kawaida ni kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Dar es Salaam mwenye nyumba huweza kudai miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kwa mpigo, na dalali naye anataka chake. Hapo ndipo akiba ya wengi huishia. Omba mwajiri akukopeshe kodi ya kuanzia na aikate kidogo kidogo. Ukitajiwa bei ya nyumba kwa dola Tanzania, kumbuka kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kupanga bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Omba bei ya shilingi.

## Familia

Mwenza wangu akija nami, ataweza kufanya kazi?

Itifaki inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenza na watoto, na inasema mwenza anaweza kuajiriwa au kujiajiri. Ila pasi ya mtegemezi pekee si ruhusa ya kazi. Akipata ajira, mwajiri wake anamwombea kibali chake mwenyewe kwa utaratibu ule ule ulioelezwa hapo juu.

Leteni cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala halisi. Ndoa ya kimila isiyo na cheti isajilini kabla ya safari.

## Hali zisizo za kawaida

Nitaishi Nairobi lakini mwajiri wangu yuko Kampala au Ulaya. Nahitaji kibali?

Kufanya kazi kwa mbali hakukufanyi mtalii. Wengi hukaa kwa pasi ya mgeni na hakuna anayewauliza, mpaka siku wanapotaka kupanga nyumba rasmi, kufungua akaunti, au wanapopitisha siku 183 na kuwa walipa kodi. Kenya mwaka 2024 ilianzisha kibali cha daraja N kwa wanaofanya kazi za mbali, chenye sharti la kipato. Njia nyingine ni kuajiriwa kupitia kampuni ya kati iliyosajiliwa pale ulipo, ambayo inakuombea kibali na kukata kodi kwa niaba ya mwajiri halisi. Inagharimu, ila inakuweka upande salama.

Mimi ni wa kujitegemea, nina wateja wangu. Au nataka kufungua kampuni.

Hapo hutumii kibali cha ajira bali cha mwekezaji au mwenye biashara, ambacho Tanzania ni daraja A. Utaonyesha usajili wa kampuni na mtaji. Kwa wateja wawili watatu tu, njia hii ni ghali. Afadhali ukae kwenu na uwahudumie kutoka huko.

Tahadhari kwa wanaokwenda Tanzania: amri ya Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo kutengeneza simu na vifaa vya kielektroniki na uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu. Fundi simu kutoka Kenya au Uganda asiuze vifaa vyake vya kazi kwa matumaini ya kuanza upya Kariakoo.

Nikitaka kubadilisha mwajiri, au nikipunguzwa kazini?

Kibali hakihami nawe (tazama swali la nani anaomba kibali). Mwajiri mpya anaanza ombi jipya, na huanzi kazi kwake mpaka litoke. Ukipunguzwa, mwajiri wa zamani hutakiwa kurudisha kibali, nawe muda wako wa kukaa unabadilika. Nenda Uhamiaji mwenyewe, mapema, uombe kubadilishiwa hadhi kuwa mgeni wakati unatafuta kazi nyingine. Kwenye mkataba, jadili notisi ndefu kuliko ya mwezi mmoja. Kwa mwenyeji mwezi mmoja unatosha. Kwako ni mfupi mno.

Naweza kuhama na kompyuta ya kazi yenye data za wateja?

Uliza kabla. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa data za mwaka 2019, Rwanda ya 2021 na Tanzania ya 2022, na zote zinaweka masharti kwa taarifa binafsi kuvuka mpaka. Hifadhidata ya wateja kwenye diski yako ni data iliyovuka mpaka, hata kama hukuifungua. Mwajiri akubali kwa maandishi, au data ibaki kwenye seva na wewe uifikie kwa njia salama.

Nikikataliwa kuingia mpakani nifanye nini?

Omba sababu kwa maandishi, bila kupandisha sauti. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, iliamua dhidi ya Uganda katika kesi ya Mkenya aliyezuiwa uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa bila kuelezwa sababu. Nchi bado inaweza kumkataa mtu, lakini si kimya kimya. Piga simu ubalozi wenu na mwajiri wako, na tunza tiketi na karatasi zote ulizopewa.

Nikikaa miaka mingi naweza kuomba uraia bila kupoteza wa kwetu?

Kenya inaruhusu kuomba baada ya ukaazi halali wa miaka saba mfululizo, na Katiba yake ya 2010 inakubali uraia pacha. Uganda na Rwanda nazo zinaukubali. Tanzania haiukubali kwa mtu mzima: Mtanzania akichukua uraia wa Kenya anapoteza wa kuzaliwa, na Mkenya anayetaka uraia wa Tanzania atatakiwa kuukana wake.